Chupa Nne Kwenye Kasha: Kisa cha Timu ya Tiba Shufaa na Familia Moja ya Pwani

Kisa hiki kinamhusu mama mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi, jamaa zake, na timu ya tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ya hospitali moja ya mkoa katika ukanda wa pwani ya Tanzania. Majina yameondolewa. Umri, kazi za wahusika na baadhi ya mazingira vimebadilishwa ili wasitambulike, ila mfuatano wa mambo na hesabu za dawa vimeachwa vilivyo. Mgonjwa tumwite Bi Zuhura.

Nimekichagua kwa sababu moja: dozi ya mofini, dawa kali ya maumivu, ilipandishwa mara mbili kwa mgonjwa ambaye hakuwa anaimeza, na kila aliyehusika alikuwa na sababu yake nzuri.

Usuli

Bi Zuhura alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, mkulima wa mihogo, mwenye minazi michache aliyoachiwa na baba yake. Alizaa watoto watatu. Mkubwa ni fundi seremala, alikuwa akiishi naye hapo hapo kijijini baada ya kuachana na mkewe. Wa pili alikwenda mjini na hakuonekana nyumbani kwa miaka. Wa mwisho, binti, alishafariki na kuacha mtoto wa kike aliyelelewa na bibi yake. Mjukuu huyo wakati wa kisa alikuwa na miaka 15, yuko kidato cha pili.

Damu ilianza kumtoka miaka kadhaa baada ya kukoma hedhi. Zahanati ilimtibu mara mbili kama mwenye maambukizi ya njia ya mkojo. Katikati akanywa mizizi na majani kwa mganga wa kijiji cha jirani. Alipofika hospitali ya mkoa na kuchukuliwa kipimo cha kinyama, ugonjwa ulikuwa hatua ya IIIB, maana yake uvimbe umeshafika kwenye ukuta wa nyonga. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi wao hufika hospitali ikiwa imekwenda mbali namna hii.

Alipewa rufaa kwenda kupata mionzi. Huduma hiyo iko katika vituo vichache tu nchini. Vinavyojulikana zaidi ni Ocean Road ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza. Alipigwa mionzi ya nje kwa wiki kadhaa, akilala kwa ndugu. Kabla ya kuanza mionzi ya ndani, ile inayowekwa karibu na uvimbe wenyewe, kukatokea msiba nyumbani. Akaomba ruhusa ya kwenda kuzika, na hakurudi. Nauli ilikwisha, na yule ndugu aliyempokea alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na watu saba. Haya yalitokea kabla timu ya tiba shufaa haijamjua, lakini msomaji ayaweke akilini: matibabu yalikatika kwa ajili ya nauli na malazi.

Miezi kadhaa baadaye maumivu yalianza kiunoni yakashuka mguu mmoja, yakichoma kama moto. Uchafu wenye harufu kali ulikuwa ukimtoka. Daktari wa magonjwa ya wanawake alipomwona alimpeleka kwa timu ya tiba shufaa ya hospitali hiyo hiyo.

Timu yenyewe ilikuwa ndogo: daktari mmoja anayegawana muda na wodi ya ndani, wauguzi wawili waliosomea tiba shufaa, mfamasia, ofisa ustawi wa jamii, na shekhe na mchungaji wanaojitolea. Kijijini kulikuwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyekuwa akishirikiana nao kwa simu.

Siku ya kwanza kliniki

Bi Zuhura aliletwa na mwanawe mkubwa. Kabla mama hajaingia, kijana alimvuta muuguzi pembeni kwenye varanda akamwomba jambo ambalo kila anayefanya kazi hii ameshaombwa: mama asiambiwe. Yeye anajua ana kidonda kwenye kizazi, inatosha.

Muuguzi hakukubali wala hakukataa. Alimjibu kwamba hatamlazimisha mama kusikia asilolitaka, na pia hatamdanganya akiuliza. Ndani, daktari alimuuliza Bi Zuhura angependa kujua kiasi gani kuhusu maradhi yake. Akajibu, "Mwambieni huyo mwanangu, ndiye mkubwa. Atanieleza." Daktari akaliandika jibu hilo kwenye faili neno kwa neno. Kisheria na kimaadili lilikuwa jibu halali: mgonjwa ana haki ya kujua, na ana haki ya kumkabidhi mwingine kujua kwa niaba yake.

Maumivu yalipimwa kwa vidole vya mkono, kuanzia ngumi iliyofumbwa hadi vidole vitano. Akanyoosha vinne, akafikiri, akaongeza cha tano. Alikuwa akitumia parasetamo na tramadoli bila nafuu. Kwa ngazi ya dawa za maumivu ya saratani iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1986, aliyekwama kwenye ngazi ya pili hupandishwa ya tatu, na ya tatu ni mofini. Akaandikiwa mofini ya maji, yenye miligramu 1 kwa kila mililita: miligramu 5 kila baada ya saa nne, na dozi ya mwisho ya usiku iwe mara mbili ili asiamshwe katikati ya usingizi. Akapewa na bisakodili, kwa kuwa mofini hufunga choo na choo hakizoei dawa hata baada ya miezi. Amitriptilini kidogo usiku iliongezwa kwa ajili ya ule moto wa mguuni.

Hesabu: dozi nne za mililita 5 na moja ya mililita 10 ni mililita 30 kwa siku, mililita 420 kwa wiki mbili. Akapewa chupa moja ya mililita 500.

Kijana alielezwa namna ya kupima na kutoa. Alisikiliza, akarudia alichoambiwa, akaweka sahihi. Kwenye chupa ilibandikwa karatasi: 06:00, 10:00, 14:00, 18:00, 22:00.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Shaaban.

Dozi inapanda, maumivu hayashuki

Baada ya wiki mbili alikuja kijana peke yake. Mama amechoka, barabara mbovu, bodaboda inamtikisa. Maumivu vipi? Usiku analia. Hilo lilikuwa kweli tupu. Daktari, kwa kufuata mwongozo, akapandisha dozi hadi miligramu 10. Kwa dozi hiyo mgonjwa hutumia mililita 60 kwa siku, 840 kwa wiki mbili. Zikatoka chupa mbili.

Wiki mbili nyingine, kijana peke yake tena. Analia usiku, hasa karibu na alfajiri. Dozi ikawa miligramu 15. Sasa mgonjwa alipaswa kutumia mililita 90 kwa siku, na 1,260 kwa wiki mbili, yaani chupa tatu.

Dirishani mfamasia alipomwekea chupa tatu, kijana akasema, "Nipe moja, nyingine zipo."

Mfamasia alimpa moja, akaandika kwenye rejista ya dawa zinazodhibitiwa, kisha akafanya jambo lisilo kwenye mwongozo wowote wa kazi yake: alifunga dirisha kwa muda akaenda kumwona muuguzi. Mgonjwa anayelia kwa maumivu, akasema, hawezi kuwa na akiba. Kama dozi ni hii, chupa mbili alizopewa wiki mbili zilizopita zilipaswa kuwa zimebaki na mabaki tu. Na chupa tupu zenyewe, ambazo kanuni inataka zirudishwe, hakuna hata moja iliyorudi.

Siku chache baada ya Idi, muuguzi, ofisa ustawi wa jamii na mhudumu wa afya ngazi ya jamii walikwenda kijijini.

Nyumbani

Bi Zuhura hakuwa ndani ya nyumba kubwa. Alikuwa amehamishiwa kibanda cha uani kilichokuwa jiko, na sababu ilisikika puani kabla ya kufika mlangoni. Aliyekuwa naye ni mjukuu. Kijana alikuwa kazini.

Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, muuguzi aliuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa kliniki: usiku nani anampa dawa? Mjukuu akasema, "Mimi." Anapima kwa nini? Kijiko cha chai. Mara ngapi? Bibi akilia sana, kijiko kimoja, asiponyamaza, kingine. Mchana? Mchana bibi alikuwa amefunga.

Hapo yakafunguka mambo matatu kwa mpigo.

La kwanza ni saumu. Bi Zuhura alifunga Ramadhani nzima isipokuwa siku alizozidiwa. Hakuna aliyemuuliza. Dawa alikuwa akiimeza kati ya futari na daku, na mchana alikaa na maumivu yake kimya.

La pili ni karatasi ya kwenye chupa. Mjukuu alisema anko wake aliisoma hivi: 06:00 ni saa sita, 10:00 ni saa kumi, na 14:00 hakuna saa kama hiyo. Nani nyumbani kwao huhesabu saa namna ile? Saa sita na saa kumi za mchana ni za saumu, kwa hiyo zikaachwa. Zilizobaki zikaonekana mambo ya hospitali.

La tatu lilikuwa kwenye kasha la mbao chini ya kitanda cha kijana, limefungwa kwa kufuli. Aliporudi jioni alilifungua mwenyewe bila kubishana. Chupa nne. Moja ilikuwa imefika nusu, tatu bado zina lakiri. Kwa zaidi ya mwezi mgonjwa alikuwa akipata, kwa wastani, chini ya mililita 10 kwa siku.

Muuguzi hakumgombeza. Alimuuliza kwa nini. Kijana alikaa kimya kwanza, kisha akasimulia habari za mdogo wake, yule wa mjini. Ni teja. Alianza na kete moja, sasa analala stendi. Kijiweni watu walimwambia mofini na unga baba yao mmoja, na hawakukosea: heroini hutengenezwa kutokana na mofini. "Nimeshampoteza mmoja kwa kitu hiki," alisema, "halafu nimpe mama kwa mkono wangu?"

Ni rahisi kuandika kwenye faili kwamba familia ina uelewa mdogo. Huyu alikuwa na uelewa mwingi kuliko wengi, na aliupata kwa gharama.

Maamuzi ya jioni ile

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kitabibu, na kwangu ndio wenye uzito kuliko yote. Kwenye karatasi mgonjwa alikuwa kwenye miligramu 15. Mwilini alikuwa kwenye miligramu 5, mara moja au mbili kwa usiku. Kama muuguzi angemwambia mjukuu, "Kuanzia leo fuateni dozi iliyoandikwa," mwili usiozoea ungepewa miligramu 90 kwa siku kwa ghafla, na Bi Zuhura angeweza kulala usingizi wa kuzimika pumzi. Kijana angekuwa amethibitishiwa hofu yake yote kwa usiku mmoja.

Muuguzi hakuwa na mamlaka ya kuandika dozi. Alipanda kichuguu nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, akampigia daktari. Wakakubaliana kuanza upya: miligramu 5 kila saa nne, mara mbili usiku, na dozi ya ziada ya miligramu 5 maumivu yakichomoza katikati. Uganda ilishabadilisha kanuni zake mwaka 2004, na wauguzi waliosomea fani hii wakaruhusiwa kuandika mofini wenyewe. Anayefanya kazi kwenye vijiji visivyo na mtandao ataelewa kwa nini.

Uamuzi wa pili ulihusu saa. Mjukuu, kwa akili yake, alipendekeza dawa tano zifuate swala tano. Bibi hasahau swala. Wazo zuri, ila haliendi na dawa: kati ya magharibi na isha kuna kama saa moja na robo tu, na kati ya isha na alfajiri kuna usiku mzima. Badala yake muuguzi alichora kwenye kadibodi: saa 12 asubuhi na jua linachomoza, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na jua linazama, saa 4 usiku na mwezi, ambapo pana mistari miwili badala ya mmoja. Kijiko cha chai kikaondolewa, likawekwa bomba la sindano lisilo na sindano, limechorwa alama kwa wino mwekundu.

Uamuzi wa tatu ulihusu nani ashike nini. Timu haikumpokonya kijana dawa. Chupa mbili zenye lakiri zilirudishwa hospitali kwa maandishi na sahihi ya pande zote. Ya nusu na moja nzima zikabaki. Kasha na ufunguo vikabaki kwake. Kazi yake mpya ilikuwa kuhesabu: kila jioni apige mstari kwenye kalenda kulingana na dozi zilizotolewa, na chupa tupu azirudishe mwenyewe. Kwa mtu anayeogopa dawa isije ikavuja kwenda vichochoroni, ulinzi ni kazi inayoeleweka.

Ofisa ustawi wa jamii alikuwa na hoja nzito kuhusu mjukuu. Binti wa miaka 15 hana haki ya kubeba maumivu ya usiku wa mtu mzima, wala kuachiwa dawa ya namna hii, na alikuwa ameacha shule wiki tatu bila mtu kusema. Muuguzi akauliza: tukimtoa, anabaki nani? Walibishana, si kwa sauti, na hawakumalizana jioni ile. Waliloafikiana ni la katikati. Shoga wa siku nyingi wa Bi Zuhura, jirani wa nyumba ya tatu, angesimamia dozi za mchana. Mjukuu angebaki na ile ya saa 4 usiku tu, anko wake akiwepo. Asubuhi aende shule. Ofisa alikwenda kwa mkuu wa shule kesho yake.

Harufu

Jirani huyo alikuwa hajakanyaga pale tangu mwezi mchanga. Kijijini zilishaanza tetesi kwamba amerogwa, na wengine walikuwa wakigeuza njia. Harufu ya saratani iliyooza ni kazi ya vijidudu visivyopenda hewa, na dawa yake ni ya bei ndogo: vidonge vya metronidazo visagwe, unga wake uwekwe palipo na uchafu baada ya kusafisha kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Vipande vya kanga kuukuu, vilivyofuliwa na kuanikwa juani, vilitumika kama pedi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii alimfundisha jirani na mjukuu namna ya kuvaa glavu na kutupa vilivyochafuka.

Ndani ya siku chache harufu ilipungua kiasi cha Bi Zuhura kurudishwa nyumba kubwa. Wanawake wakaanza kuja na mikeka yao. Kama ningeambiwa nichague msaada mmoja tu uliobadilisha maisha ya mama huyu, ningesita kati ya mofini na vidonge hivi.

Maumivu yalishuka hadi vidole viwili, na mara nyingine kimoja. Dozi ikapanda taratibu hadi miligramu 10, safari hii kwa kumwona mgonjwa na kuhesabu mistari ya kalenda. Choo kilipokuwa kigumu licha ya bisakodili, jirani aliongeza sanamaki, na timu haikuwa na kipingamizi; ndiyo majani yanayotengenezewa vidonge vingine vya kulainisha choo viwandani.

Mambo ya kusema na ya kutosema

Siku ya ziara ya pili muuguzi alimuuliza Bi Zuhura, kijana akiwepo: wewe mwenyewe unauelewaje ugonjwa huu? Akasema ni ule ule uliomuua dada yake wa tumbo moja. Wakati ule haukuwa na jina la hospitali. Kijana akainama. Lile ombi la varandani halikutajwa tena na mtu yeyote.

Baada ya hapo aliomba shekhe. Walipoketi mambo yalikuwa mawili. La saumu lilimalizika upesi: mgonjwa asiyetarajiwa kupona hawajibiki kufunga, hutoa fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku. Alikasirika kidogo kwamba hakuambiwa mapema. La pili lilikuwa minazi. Alitaka mjukuu apate kitu. Shekhe akamweleza kwamba mtoto wa binti, wana wa kiume wakiwepo, hayumo katika warithi. Na kwa kuwa si mrithi, bibi anaweza kumwusia, mradi wasia usizidi theluthi ya mali. Ukaandikwa mbele ya mashahidi, kaka yake Bi Zuhura akiwa mmojawapo.

"Si niliwaambia?"

Kama miezi miwili baadaye kijana alipiga simu usiku. Mama amevimba miguu, mkojo kidogo sana, analala muda wote, na viungo vinamshtuka-shtuka. "Si niliwaambia?" Aliamini dawa imeanza kumuua.

Daktari alishuku figo. Uvimbe wa mlango wa kizazi hubana mirija inayotoa mkojo kwenye figo, na ni moja ya njia za kawaida saratani hii inavyoua. Kipimo cha damu hospitali ya wilaya kilithibitisha. Ila kijana naye alikuwa na sehemu ya ukweli: figo zikishindwa, mabaki ya mofini hujikusanya mwilini, na ndiyo yanayoleta usingizi mzito na kule kushtuka. Timu ilimwambia hivyo hivyo, kwamba ugonjwa ndio uliofunga figo, na dawa sasa ni nyingi kuliko mwili unavyoweza kuitoa. Dozi ikashushwa hadi miligramu 5 kila saa nane. Siku mbili baadaye alikuwa akiongea.

Njia ya kutoa mkojo kwa mrija kupitia mgongoni ilikuwepo, kwa kusafiri tena hospitali kubwa. Aliulizwa mwenyewe. "Dar sirudi. Nilishakwenda."

Alifariki nyumbani wiki chache baadaye, akiwa na kaka yake, mwanawe na jirani. Siku za mwisho maumivu yalikuwa madogo; kutapika ndiko kulikomsumbua, na timu haikukutuliza kama ilivyotaka kwa sababu dawa ya kuzuia kutapika ilikosekana stoo. Wanawake waliomwosha walikuwa wameshaachiwa glavu na pamba.

Kijana alirudisha chupa zilizobaki siku ya tatu baada ya maziko. Hesabu ya kalenda na ya chupa zilitofautiana kwa mililita 15.

Baada ya arobaini timu iliitembelea familia mara moja. Mjukuu alikuwa shuleni, akirudia kidato. Alikuwa na swali: na mimi nitaugua? Muuguzi alimweleza kwamba saratani hii huletwa na kirusi cha HPV, hairithiwi kama rangi ya macho, na ile chanjo aliyochomwa shuleni alipokuwa na miaka 14, inayotolewa nchini tangu 2018, ilikuwa kwa ajili ya hiyo hiyo. Wasia ulipingwa na jamaa upande wa baba yake Bi Zuhura. Faili lilipofungwa shauri lilikuwa bado Mahakama ya Mwanzo.

Uchambuzi

Kosa la msingi la timu lilikuwa kumfundisha aliyemleta mgonjwa badala ya anayemhudumia. Kwenye familia zetu hawa mara nyingi si mtu mmoja. Anayekuja hospitali ni mwenye nauli, mwenye sauti, mwanamume mkubwa. Anayeamka usiku ni mwanamke au mtoto, na hatajwi kwenye faili. Kijana alifaulu mtihani wote wa kliniki: alisikiliza, akarudia, akasaini. Hakuulizwa anaionaje dawa yenyewe. Swali moja la namna hiyo, likiulizwa kwa upole, lingeweza kuibua habari za mdogo wake siku ile ya kwanza.

Kupandisha dozi mara mbili bila kumwona mgonjwa kulikuwa kosa la pili, na ninaelewa lilivyotokea. Mwongozo unasema maumivu yakibaki, panda. Hausemi kwa herufi kubwa kwamba kabla ya kupanda, hakikisha ile ya mwanzo imemezwa. Ingetosha kudai chupa tupu. Kama kijana angekuwa mtu wa kutii zaidi, na siku moja akaamua kuanza kutoa dozi yote kama ilivyoandikwa, kisa hiki kingekuwa cha kifo kilichosababishwa na dawa.

Saumu na saa nimeziweka pamoja kwa sababu zinatoka mahali pamoja. Timu nzima ilikuwa ya watu wa pwani. Nusu yao walikuwa wamefunga siku ile kijana alipokuja mara ya pili. Kila mmoja kwa nyumbani kwake husema saa nne asubuhi na si saa kumi. Wakivaa koti la kazi wanaandika 10:00 na wanasahau Ramadhani. Sidhani ni uzembe. Ni mazoea ya shule tulizosomea.

Kilichofanya kazi kilianza dirishani kwa mfamasia. Vituo vingi humhesabu kama mtoa dawa tu, asiye mmoja wa timu, na hapa ndiye aliyekuwa na takwimu za kweli kuliko faili la daktari. Lakini rejista peke yake ingeweza kuleta polisi badala ya muuguzi: dawa inayodhibitiwa, chupa nne zisizojulikana ziliko, kijana mwenye ndugu teja. Kwamba walichagua kwenda kuuliza kwanza ni uamuzi, na ungeweza kwenda upande mwingine. Wapo watakaosema walihatarisha. Mimi naona chupa zenye lakiri zilijibu hoja hiyo, ingawa nakubali kwamba hawakujua watazikuta na lakiri.

Kumkabidhi kijana ulinzi wa dawa ndiko kulikookoa mambo figo ziliposhindwa. Aliyepiga simu usiku ule ni yule yule aliyekuwa akificha chupa. Angekuwa ameondolewa kwenye kazi, angeacha dawa kimya kimya na mama angekufa kwa maumivu, au asingempigia mtu.

Kuhusu mjukuu, sina hukumu iliyonyooka. Suluhisho la katikati lilimrudisha darasani na lilimwacha na dozi moja ya usiku. Alipoteza mwaka. Ofisa ustawi wa jamii bado anaamini alipaswa kuondolewa kabisa siku ile ile, na hoja yake ni kwamba jirani alipopatikana kwa mchana angeweza kutafutwa mwingine kwa usiku. Timu iliridhika mapema. Huenda ni kweli. Katika miongozo ya huduma za nyumbani niliyopitia, mtoto anayeuguza hana ukurasa wake.

Tangu kisa hiki fomu ya timu ina mistari mitatu mipya: usiku nani anatoa dawa, unaionaje dawa hii, na je, unafunga. Karatasi za chupa zinaandikwa kwa saa za Kiswahili. Dozi haipandishwi kwa mgonjwa asiyeonekana kwa zaidi ya mwezi bila chupa tupu kurudi. La ziara za nyumbani halijapata ufumbuzi: mafuta ya gari yapo kwa siku moja ya wiki, na wagonjwa wa vijiji vya mbali wanafikiwa kwa simu kupitia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao sasa ndio wanaohesabu chupa.